Nanihii: historia fupi ya kutafuta usichokijua jina

Kiswahili kina neno la kutaja kitu ambacho neno lake limepotea. "Niletee ile nanihii," mama anasema jikoni, mkono mmoja umeshika sufuria, na mtoto anakwenda moja kwa moja kuuchukua mwiko. Tuna kidude kwa kitu kidogo, dude kwa kikubwa, na nanihii kwa chochote ambacho ulimi umekikataa. Nyumbani neno hilo linatosha, kwa sababu anayeagizwa anaiona sufuria, anajua ni saa ya kusonga ugali, na amezoea kutumwa.

Lipeleke neno hilohilo maktabani, litakwama mlangoni. Hakuna rafu ya nanihii. Katalogi inataka jina la mwandishi, jina la kitabu au jina la somo. Na wewe umekuja kwa sababu jina ndilo hasa ulilolikosa.

Nimekaa kwenye meza ya msaada ya maktaba moja ya mkoa kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa hiyo: kupokea nanihii za watu. Kwa muda mrefu niliamini ni kazi isiyo na historia, aina ya ukarimu tu unaotegemea siku umeamkaje. Nilipoanza kusoma nikakuta ina historia ndefu, yenye wanafalsafa, wataalamu wa mimea, madaktari na wakutubi, na kwamba ndani yake kuna ugomvi unaotuhusu sisi wa Afrika moja kwa moja.

Ugomvi wa kwanza ni wa Wagiriki. Katika mazungumzo ya Plato yanayoitwa Meno, kijana Meno anamtega Sokrate: utatafutaje kitu usichokijua kabisa? Na hata ukikigonga kwa bahati, utajuaje kwamba ndicho? Sokrate anajibu kwamba roho ilikwisha kujua mambo yote kabla, na kwamba kujifunza ni kukumbuka. Ni jibu zuri la kujadili jioni. Mbele ya mtu aliyesimama na foleni nyuma yake, halisaidii sana.

Jibu linalosaidia lilitoka upande wetu wa bahari. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo uko Algeria. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake anachunguza jambo ambalo kila mmoja wetu amelipitia: umesahau jina la mtu, na wenzako wanakutajia majina mengine ili kukusaidia. Unasema siye, siye, siye, mpaka linapotajwa lenyewe, na hapo unalikubali bila kusitasita. Hoja yake ni kwamba kama ungekuwa umesahau kabisa, usingeweza hata kuyakataa yale yasiyokuwa yenyewe. Kuna kipande kilichobaki ndani, na kipande hicho ndicho kinachohukumu.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mtu wa meza ya msaada anapaswa kulijua. Asiyeweza kutaja anaweza kukataa. "Hapana, si hicho" ni maarifa. Mtu aliyekataa vitabu vitatu amekwisha kukueleza mengi kuhusu kile cha nne, na anayemwona msumbufu kwa sababu amekataa vitatu hajaelewa kwamba amekuwa akipewa maelekezo muda wote.

Wataalamu wa mimea waliligeuza jambo hilo kuwa chombo. Fikiria shida yao. Umeshika jani mkononi, mbele yako kuna kitabu cha mimea yote ya nchi, na kitabu kimepangwa kwa majina. Ukilijua jina, kitabu kitakueleza kila kitu. Usipolijua, utafunua kurasa zote moja baada ya nyingine. Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck, aliyekuwa askari kabla ya kugeukia mimea, alishughulikia shida hiyo katika Flore françoise, kitabu cha juzuu tatu kilichochapishwa kwa tarehe ya mwaka 1778. Alikiandika kwa Kifaransa badala ya Kilatini cha wasomi, na ndani yake akaweka ufunguo. Kila hatua ya ufunguo inakupa maelezo mawili yanayopingana, na wewe unachagua moja: jani lina meno pembeni au halina, majani yanakaa mawilimawili yakielekeana au yanapishana. Chaguo linakupeleka kwenye jozi nyingine, na nyingine, hadi mwisho wa njia unakuta jina. Aliyesoma bayolojia sekondari anaukumbuka ufunguo wa namna hii, pengine kwa uchungu.

Angalia ufunguo ule unachomwomba mtu. Haumwulizi anatafuta nini. Unamwuliza anaona nini. Hilo analiweza, kwa sababu jani liko mkononi mwake. Ni "siye, siye" ya Augustino iliyopangwa kwa mstari.

Kasoro yake nayo iko hapohapo. Ufunguo unafanya kazi iwapo unayajua maneno yake ya kueleza, na iwapo mwandishi wake aliwahi kuuona mmea wako. Amani, kwenye milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902 na Waingereza wakakirithi baadaye, shida ilikuja kwa kugeuka. Hapo wenyeji waliijua mimea na walikuwa na majina yake. Waliokosa majina walikuwa wanasayansi. Mtaalamu wa mimea P. J. Greenway aliandaa kamusi ya majina ya mimea inayoanza na Kiswahili kisha kufuatisha jina la kisayansi na la Kiingereza. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940.

Chukua mti mmoja tu. Mwarobaini ni mti uliotoka Asia, na jina lake la kisayansi ni Azadirachta indica. Jina la Kilatini linakueleza ukoo wake na upande ulikotoka. Jina la Kiswahili linakueleza unasifiwa kwa nini: unasemekana kutibu maradhi arobaini. Anayeujua mti huu kwa jina la pili akienda mbele ya faili lililopangwa kwa jina la kwanza, ataonekana kama mtu asiyejua jina. Analijua. Faili ndilo lisilomjua yeye. Tutarudi kwenye jambo hili.

Mwingereza Peter Mark Roget, daktari, aliishambulia shida kwa njia nyingine. Mwaka 1805 alianza kujitengenezea orodha ya maneno yaliyopangwa kwa maana. Kamusi ya kawaida inakutoa kwenye neno na kukupeleka kwenye maana. Yeye alitaka kitabu cha kumtoa mtu kwenye maana aliyonayo kichwani na kumfikisha kwenye neno asilolipata. Kitabu chake, Thesaurus, kilitoka mwaka 1852, yeye akiwa na miaka 73. Aliyagawa mawazo yote ya binadamu katika matabaka sita, na ndani yake mafungu 1,000. Msomaji alitarajiwa kushuka kutoka tabaka hadi fungu, kama mtu anayeteremka ngazi.

Wasomaji hawakushuka ngazi. Walikwenda nyuma ya kitabu, kwenye fahirisi ya alfabeti, wakatafuta neno lolote lililo karibu na lile wanalolitaka, kisha fahirisi ikawapeleka kwenye fungu, na humo wakakuta majirani wa neno lile. Mwanawe, John Lewis Roget, aliipanua sana fahirisi hiyo katika toleo la mwaka 1879. Nafikiri wasomaji walifanya busara. Huhitaji kulijua neno lenyewe. Unahitaji kumjua jirani yake. Hata kijijini, usipoijua nyumba ya mtu, unauliza nyumba iliyo karibu nayo.

Sisi wa Kiswahili tuna sababu yetu ya pekee ya kuuelewa mtihani huu. Kijana anakutana na neno "wakamchelewesha" na anataka kulitafuta kwenye kamusi. Chini ya herufi w halimo. Lazima alivue kwanza: aondoe wa, aondoe ka, aondoe m, aikate ile esha ya mwisho, hadi abaki na chelewa. Yaani ili utafute neno usilolijua, sharti uwe umekwisha kujua mengi kulihusu. Waandishi wa kamusi wameihangaikia shida hii tangu Krapf, ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyakusanya majina yaliyotokana na vitenzi chini ya vitenzi vyao, kwa hiyo msomaji alitakiwa kuijua familia ya neno kabla ya kulifikia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, mwaka 1981, iliyapanga majina kwa herufi yanayoanza nayo, kama msomaji anavyoyakuta ukurasani. Ukiwaza kwa juujuu utasema ni uamuzi wa kiufundi. Lakini umeamua nani ataweza kufungua kamusi peke yake na nani atahitaji mwalimu pembeni.

Mwaka 1876 ndio mwaka ambao njia mbili za kusaidia watafutaji zilitokea pamoja. Nchini Marekani, Melvil Dewey alitoa kijitabu cha kurasa 44, bila jina lake juu, kilichogawa maarifa yote kwa tarakimu. Kwa mfumo huo, kila somo lingekuwa na namba, na kila namba mahali pake. Mwaka uleule, Oktoba, wakutubi walikutana Philadelphia na kuanzisha chama chao cha kitaifa. Katika mkutano huo Samuel Swett Green, mkutubi wa maktaba ya umma ya mji wa Worcester, alitoa mada kuhusu uhusiano kati ya wakutubi na wasomaji. Hoja yake ilikuwa ya kawaida mno kiasi kwamba leo ni vigumu kuona upya wake: watu wa kawaida hawajui kutumia katalogi, wengi wanaona aibu kuuliza, na kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kuwapokea, mwenye uso mkunjufu. Aliwaambia wenzake kwamba mkutubi anapaswa kuona uchungu kumwacha mtu aondoke bila jibu, kama mwenye duka anavyoona uchungu mteja akitoka bila kununua.

Namba za Dewey zilienea ulimwenguni, na Maktaba ya Taifa ya Tanzania inazitumia hadi leo. Uso mkunjufu wa Green haukusafiri kwa wepesi huo, kwa sababu namba huchapishwa kitabuni na mtu hulipwa mshahara.

Ilichukua karibu karne moja kabla ya mtu kueleza kwa utaratibu kile kinachotokea kati ya nyuso mbili mezani. Mwaka 1968 Mmarekani Robert S. Taylor, baada ya kuwahoji wakutubi, alichapisha makala akieleza kwamba swali la mtu hupita hatua nne. Kwanza ni uhitaji unaousikia mwilini bila maneno. Halafu unakuwa picha yenye ukungu kichwani. Kisha unaweza kuusema kwa sentensi iliyonyooka. Mwisho, mtu anaukata na kuushona upya ufanane na kile anachodhani maktaba inacho. Hiyo hatua ya nne ndiyo pekee anayoisikia mkutubi. Kwa hiyo swali la kwanza mezani karibu kila mara ni swali lililokwisha kupunguzwa.

Niliposoma makala hiyo nilimkumbuka mwanamke mmoja wa makamo aliyekuja asubuhi, akasimama mbali kidogo na meza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akasema anaomba kitabu cha sheria.

"Sheria ipi, mama?"

"Sheria tu, mwanangu."

Rafu yetu ya sheria ilikuwa na vitabu vingi, vingi vikiwa kwa Kiingereza. Kumpeleka pale ingekuwa ni kumjibu na kumfukuza kwa wakati mmoja. Nikamwuliza: "Tukishakipata hicho kitabu, mama, utaanza kuangalia nini?" Akanyamaza, akaangalia nyuma yake, kisha akasogea. Mumewe alikuwa amefariki. Shemeji yake alikuwa ameanza kuleta watu kuiangalia nyumba. Hati ilikuwa kwa jina la marehemu. Alitaka kujua kama shemeji anaweza kuiuza.

Mimi si mwanasheria, na meza ya maktaba si mahali pa kutoa ushauri wa kesi. Lakini lilikuwapo neno alilolikosa, nalo ni msimamizi wa mirathi: mtu anayeteuliwa na mahakama ili akusanye mali ya marehemu na kuigawa kwa warithi. Bila neno hilo angeweza kuzunguka mjini mwezi mzima akiulizia "sheria". Akiwa nalo angeweza kuingia Mahakama ya Mwanzo, au ofisi ya msaada wa kisheria, na kusema amekuja kwa ajili gani. Aliniomba nilirudie mara mbili, akaliandika nyuma ya kadi ya kliniki. Hakuazima kitabu siku ile. Katika daftari letu la takwimu, ambalo huhesabu vitabu vilivyoazimwa, ziara yake haionekani.

Sasa turudi kwenye faili lisilomjua mtu. Hadi hapa nimezungumza kana kwamba upungufu uko kwa mtafutaji: yeye ndiye hajui jina, nasi tunamsaidia alifikie. Mtu aliyenifundisha kuutilia shaka mtazamo huo ni Sanford Berman, mkutubi Mmarekani aliyefanya kazi kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadaye Makerere. Maktaba ile, kama nyingi duniani, ilitumia vichwa vya masomo vilivyotungwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Miongoni mwa vichwa hivyo lilikuwamo neno Kafirs, kwa maana ya watu weusi wa kusini mwa Afrika. Wazambia walimweleza Berman jinsi neno hilo lilivyo tusi zito. Mwaka 1971 alitoa kitabu, Prejudices and Antipathies, kinachopitia vichwa vya namna hiyo kimoja kimoja na kupendekeza vingine.

Neno lenyewe tunalijua vizuri pwani. Ni kafiri, kutoka Kiarabu, asiyeamini. Lilisafiri na biashara ya Bahari ya Hindi, Wareno wakalichukua, na lilipofika kusini likavuliwa dini likavishwa rangi ya ngozi. Kisha likachapwa kwenye kadi za maktaba, likasafirishwa hadi Lusaka. Mwanafunzi wa Zambia huru aliyetaka kusoma historia ya majirani zake alitakiwa kwanza awaite kwa tusi la makaburu. Hakuwa amekosa jina. Alikuwa nalo, tena la heshima, ila mlango haukulitambua.

Hata namba za Dewey zina milango ya namna hiyo. Katika mia ya dini, sehemu kubwa ya katikati, kuanzia 220 hadi 280 na kitu, ilitengewa Biblia na Ukristo. Dini nyingine zote za ulimwengu zilibanwa kwenye 290, Uislamu ukiwa 297. Ukipita kwenye rafu za maktaba iliyo mahali penye misikiti mingi, utaona namba za 297 zimerefushwa kwa desimali hadi hazitoshi kwenye mgongo wa kitabu.

Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Wakati huo takribani theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Huwa naziweka habari hizo mbili pamoja kichwani. Kujenga nyumba ya vitabu katika nchi ya namna hiyo kulikuwa ni kuwaalika watu ambao wazazi wao hawakuwahi kufungua droo ya katalogi. Wengi wao wangekuja na nanihii. Bila mtu wa kuwauliza "utaanza kuangalia nini?", jengo lile lingekuwa la wale waliokwisha kujua majina.

Leo droo za kadi zimeondoka na kisanduku cha kutafutia kiko kwenye simu. Yule mama angeandika "sheria" na kupewa kurasa zisizohesabika, bila hata moja kumwuliza kulikoni. Zipo sasa programu zinazokubali maelezo marefu badala ya jina, na hilo ni jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza unaweza kuiambia mashine "kile kitu ambacho" na ikakuelewa. Kipimo changu kwao ni kilekile cha meza. Je, inauliza kabla ya kujibu? Je, inaipokea "hapana, si hicho" kama maarifa, au inarudia jibu lake kwa sauti tamu zaidi? Na majina inayonipa mwisho wa njia ni ya nani?

Wazee wetu walikuwa na mchezo wa kueleza kitu bila kukitaja. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Walioketi wanakisia, wanakataliwa, wanakisia tena, na wakishindwa mtegaji anadai apewe mji ndipo aseme kwamba ni yai. Meza ya msaada ni mchezo huohuo, ila una mabadiliko mawili. Mtegaji mwenyewe hajui jibu. Amekuja na nyumba yake isiyo na mlango akiwa hana uhakika hata kama inaitwa nyumba. Kwa hiyo tunakisia wote wawili, yeye akikataa na mimi nikijaribu tena. Na tukishindwa leo, hatoi mji. Anarudi kesho.